Mtoto wa wiki 29: oksijeni ilikuwa 98, mbona sista akaipunguza?

Abiria wa Feri (Likoni)
Assalamu alaykum jamani. Mke wangu amejifungua binti mimba ikiwa ya wiki 29, kilo 1.2, yuko wodi ya watoto wachanga huku kisiwani, kwenye sipapu, ile mashine ya kumsukumia hewa puani. Nikivuka feri nikafika, kazi yangu ni kukodolea macho ile skrini. Jana oksijeni ya damu ilisoma 98 kwa mia, nikasema alhamdulillah. Mara kengele ikalia! Sista akaja akainyamazisha, akamtazama mtoto, akapunguza oksijeni mpaka namba ikakaa 93. Kumuuliza, akanijibu "imezidi, baba", akakimbilia mtoto mwengine. Kwani pumzi nayo huzidi? Na kengele zikizimwazimwa hivyo, siku ya kweli itajulikanaje?

Zamu ya Usiku
Waalaykum salaam baba, hongera kwa binti. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga, si hapo mlipo.

Naam, huzidi. Mishipa ya damu ya nyuma ya jicho lake haijamaliza kukua. Oksijeni ikiwa nyingi mishipa husimama, baadaye huota ovyo, na ikivuta ule utando wa nyuma mtoto aweza kupofuka. Miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi walipofuka hivyo Marekani na Uingereza. Kwa hiyo mtoto anayeongezewa oksijeni tunamweka kati ya 90 na 95. Akifika 98, kipimo cha mguuni hakiwezi tena kusema imezidi kidogo au sana. Siku akivuta hewa hii yetu sote, 98 haina neno.

Lakini usiseme basi ishushwe zaidi. Majaribio matano ya watoto karibu 5,000 waliozaliwa kabla ya wiki 28 yalijumlishwa mwaka 2018: waliolengwa 85 hadi 89 macho yao yalisalimika zaidi, ila walikufa wengi kuliko wale wa 91 hadi 95.

Kuhusu kengele, kile kitufe hunyamazisha sauti kwa muda mfupi tu, taa inaendelea kumeta. Mimi namtazama mtoto kwanza: rangi ya midomo, kifua kinapanda? Kisha mawimbi ya mapigo kwenye skrini. Akirusha miguu yanavurugika, mashine inasoma 70 naye hana lolote. Akiwa kweli amesahau kupumua, nampapasa unyayo au mgongo, mara nyingi anaanza tena. Kubaya ni kupandisha oksijeni kwa pupa ukaondoka. Punde yuko 100, na wewe uko kwa mtoto wa tatu. Usiku tuko wachache, kila kona yalia, na sikio huzoea. Lakini anayefungulia mpaka wa juu wa kengele, ule unaolia oksijeni ikizidi, ili apate kimya, ilhali mtoto bado yuko kwenye oksijeni, mimi hugombana naye waziwazi.

Mamake Kadogo (Kisauni)
Baba, hiyo skrini itakutia wazimu. Waombe umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, baba pia huruhusiwa. Wangu nilikuwa nikimfunga na leso, namba zinatulia kuliko akiwa ndani ya inkyubeta.

Fundi Mitambo
Nyongeza: namba ile ni wastani wa sekunde kadhaa zilizopita, kwa hiyo huchelewa kidogo. Akiwekwa chini ya taa za kutibu umanjano wa watoto, kipimo kifunikwe, mwanga huo hukidanganya. Na kihamishwe mguu huu na huu, ngozi yao nyepesi mno.

Abiria wa Feri
Shukran sana. Sista, macho yake yatapimwa lini?

Zamu ya Usiku
Kati ya wiki ya nne na ya sita tangu kuzaliwa, hata kama mmesharudi nyumbani. Atatiwa matone ya kupanua mboni. Msitoke wodini kabla tarehe haijaandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki, maana hapo ndipo wengi hutupotea.