Slipu inaonyesha nakatwa NSSF ila kwenye simu miezi imerukwa, nifanyeje?

MlinziWaZamu
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kwa wenye uelewa. Niko kampuni moja ya ulinzi huku Mwanza mwaka wa sita huu, kila mwezi kwenye slipu kuna mstari wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inakatwa, mi nikajua mambo yako sawa. Juzi jamaa ninayeingia naye lindo la usiku akanionyesha namna ya kuangalia michango kwa WhatsApp, nikacheki, 2022 yote ipo, 2023 kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa hamna kitu, ikarudi kidogo ikapotea tena. Slipu za hiyo miezi ninazo na makato yapo!! Nikimuuliza mtu wa HR ananiambia mfumo wa NSSF unasumbua, nivumilie. Nawaza niache kazi nikachukue changu kabla hakijaliwa chote. Matusi kaeni nayo, nataka ushauri.

Dada_Mhasibu
Kaka tulia kwanza, usiandike barua yoyote ya kuacha kazi. Ukiacha mwenyewe kwa hiari lile fao la kukosa ajira hulipati, lile ni la mtu aliyeachishwa, na hata huyo lazima awe amechangia miezi 18 ndo analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ile habari ya kuacha kazi leo kesho unabeba chako chote ilishakufa siku nyingi.

Hilo la mfumo kusumbua usilikubali. Mimi ndo huwa nalipa hiyo michango ofisini kwetu najua inavyokwenda, mwajiri anaingia kwenye potali anapakia orodha ya wafanyakazi na mishahara yao, anapewa kontro namba, analipa benki, basi. Mtandao unaweza kugoma siku mbili, sio miezi saba. Kinachotokea ni hivi, kampuni ikikaukiwa bosi anaangalia nani atapiga kelele, mishahara isipotoka mtagoma, kodi isipolipwa TRA wanakuja kufunga akaunti, NSSF je? Wafanyakazi wenyewe hawaangalii, kwa hiyo hiyo ndo inarukwa ya kwanza. Kisheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10, na akishakata anatakiwa aipeleke ndani ya mwezi unaofuata. Hiyo 10 ni mshahara wako, ameikopa bila kukuomba.

Na usione ni hela tu. Pensheni ya uzee inataka miezi 180 ya michango, yani miaka 15. Mwezi uliorukwa hauhesabiwi. Unaweza ukafika 60 una miaka 16 kazini halafu karatasi inasema miezi 170.

Chukua slipu zako, printi taarifa ya michango, nenda ofisi ya NSSF mkoa uulizie wanaoshughulika na waajiri wadaiwa. Wana wakaguzi, na mwajiri mbishi wanampeleka mahakamani.

mchopanga
Mfumo unasumbua ndo wimbo wa taifa wa ma HR 😂😂

MamaWawili
Mimi yaliniuma kwenye uzazi. Fao la uzazi linataka miezi 36 ya michango, nikajiona nimevuka mbali, kufika dirishani naambiwa bado. Kumbe mwajiri wangu wa zamani alikuwa anapeleka anapojisikia. Wadada angalieni mapema, sio tumbo likiwa mlangoni.

Mwalimu_Mstaafu
Vijana, mimi niko upande wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ile iliyozaliwa 2018 walipounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Kwa kweli teknolojia wamejitahidi, siku hizi kujihakiki kwamba bado niko hai nafanya kwa simu nimekaa barazani, sio kupanga foleni na wazee wenzangu wenye magongo. Kwenye kikokotoo, ile hesabu ya mafao, ndo msiniulize. Mimi nilitoka kwenye mfuko uliokuwa unalipa nusu ya mafao kwa mkupuo ukistaafu, Julai 2022 ikawa asilimia 33, kelele zikapigwa, 2024 wakapandisha 40. Apu nzuri sana, inaniletea ile pungufu haraka.

Jirani_wa_Nairobi
Napita tu wasee. Huku kwetu Kenya NSSF yetu tulikatwa shilingi mia mbili kwa mwezi miaka na mikaka, bosi anaongeza mia mbili, sheria ya 2013 ikakwama kortini mpaka Februari 2023 ndio ikaanza kufanya kazi, saa hii ni asilimia 6 yako na 6 ya mwajiri. Unaangalia kwa simu pia. Lakini bosi asipopeleka simu itakuonyesha sufuri vizuri kabisa haha. Wa jua kali wana mpango wa NSSF unaitwa Haba Haba, shilingi 25 kwa siku anatuma mwenyewe kwa M-Pesa, angalau hapo hakuna mtu katikati.

Dada_Mhasibu
@Jirani hata huku aliyejiajiri anachangia mwenyewe, bodaboda, mama lishe, wote. Sema elfu 30 kwa mwezi kwa mtu wa kipato cha kubahatisha sio mchezo.

MlinziWaZamu
Dada ubarikiwe, nimeongea na wenzangu watano wamecheki nao wana mashimo miezi ile ile, mmoja hata namba yake haitambuliki kabisa. Kesho tukitoka lindo saa 12 asubuhi tunaenda wote. Hofu yetu bosi akijua nani kaongea si tunahamishiwa malindo ya porini?

Dada_Mhasibu
Mkaguzi akija anaomba payroll ya kampuni nzima, sio ya mtu mmoja, mtafichika humo humo. Huyo ambaye namba haitambuliki abebe na kitambulisho cha NIDA, inawezekana hakusajiliwa kabisa, hiyo ni kesi nyingine nzito zaidi. Na kopi za slipu msitolee stesheneri ya karibu na ofisi yenu.