Mamangu aliambiwa picha yake ni karatasi ya tangazo, leo iko dirishani Malindi kwa 650,000 na bado wanadanganya

Wanajamvi, siku nne kifua kinawaka na leo nalitoa hapa.

Mamangu alimpikia mzee mmoja Mtaliano kule Casuarina miaka kumi na sita. Mzee alipofunga nyumba kurudi kwao alimwachia mama sufuria, feni mbili na picha ya Marilyn Monroe, yule nyota wa filamu wa Marekani: uso wa waridi, nywele manjano, kope zimepakwa rangi mpaka kwenye nyusi. Mama akaitundika Maweni, juu ya kabati la vyombo. Kila akifuta vumbi husema, "Huyu mtoto kachoka. Hebu mtazame macho."

Mwezi uliopita niko Lamu kwa kazi, karo ya mdogo wangu ikabana. Mama hakutaka kunisumbua. Akaipakia kwenye tuktuk hadi kwa mwenye duka la vitu vya kale hapa mjini. Yule bwana akaishika kwa vidole viwili: "Bimkubwa, hii ni karatasi ya tangazo, haina maana yoyote. Nakupa elfu tatu kwa ajili ya fremu." Fremu niliitengeneza mimi kwa mikono yangu!

Ijumaa napita pale, naiona dirishani, imewashiwa taa. Kibandiko chasema: Andy Warhol, asili, 1967, shilingi 650,000.

Sasa nisikilizeni, maana kazi hii naijua. Mimi nachapa fulana. Fremu ya mbao, wavu, wino, unavuta raba, rangi moja baada ya nyingine. Warhol, yule msanii wa Marekani, alichapa vivyo hivyo. Mwaka 1967 alitoa picha kumi za Marilyn, kila moja nakala 250, sentimita 91 kwa 91. Nakala hizo nyuma zina sahihi ya penseli na namba iliyogongwa kwa muhuri, na mnadani zinafika makumi na hata mamia ya maelfu ya dola. Picha yetu nilipoipimia fremu nayo ilikuwa 91 kwa 91. Lakini niliigeuza. Nyuma ina mihuri miwili ya wino wa buluu, mmoja una jina la wachapishaji, Sunday B. Morning, wa pili unakwambia ujaze sahihi yako mwenyewe. Hizo ni nakala zilizoanza kuchapwa 1970, na Warhol mwenyewe aliwahi kuandika kwenye baadhi yake kwamba si kazi yake. Ni karatasi nzuri, wino mzuri, watu wananunua kwa pesa halali, ila bei yake haikaribii kabisa ile ya 1967.

Kwa hiyo yule bwana amedanganya pande zote mbili. Mama aliambiwa haina kitu, na mgeni atakayeingia kesho ataambiwa ni hazina.

Nikaingia, nikamwamkia kwa heshima, nikaomba aigeuze. "Bwana mdogo, hii haigeuzwi, ina cheti cha bodi ya Warhol Marekani, kimetoka mwaka jana." Mwaka jana? Bodi iliyokuwa ikithibitisha kazi za Warhol ilivunjwa 2012! Na mgongo wa fremu yangu sasa umepigiliwa ubao.

Lakini lililoniuma zaidi ni lile neno "haina maana". Monroe alikufa Agosti 1962. Warhol akachukua picha yake ya kutangazia filamu ya 1953, akaikata ikabaki sura, akairudiarudia, mwaka ule ule aliochora zile picha zake 32 mashuhuri za makopo ya supu. Rangi ya midomo haikai sawasawa na midomo. Mteja wangu angenirudishia fulana ya hivyo. Pale imeachwa makusudi, uonekane uso uliopigwa mhuri mara nyingi mpaka mwenyewe hayumo tena. Sisi hapa hilo tunalijua kuliko wengi. Kila uchaguzi nachapa sura moja ya mtu mara elfu, kwenye fulana, kwenye leso, mpaka watoto wanaifutia meza. Na mamangu, ambaye hajaingia makumbusho yoyote ya sanaa, aliona uchovu kwenye yale macho bila kuambiwa na mtu. Halafu mtu anayekula kwa sanaa amwambie haina maana ili apunguze bei! Tangu siku hiyo mama anajilaumu, ati aliitunza takataka miaka yote.

Sidai laki sita. Nataka kile kibandiko kitoke, iandikwe ilivyo, na mama alipwe bei ya haki ya nakala kama hiyo au arudishiwe picha yake, mimi nirudishe elfu tatu zake. Nimemwambia haya ana kwa ana, akanitolea mlinzi.

Yeyote mwenye mgeni anayetaka kununua Marilyn hapa Malindi, mwambieni asitoe pesa kabla ubao haujang'olewa nyuma. Picha za ile mihuri ninazo kwenye simu, tangu siku niliyopima fremu. Nazipandisha hapa chini sasa hivi.