Nobu ipi ya gia kwa gari la manyuo?

Swali: Wakuu, nobu yangu (kile kishikio cha juu ya fimbo ya gia) imechakaa, inazunguka mkononi. Nitazame nini kabla ya kununua nyingine: uzito, umbo au hesi?

Jibu: Hesi kwanza, mkuu, yaani ile mistari ya kufungia nobu kwenye fimbo. Toyota nyingi ni M12x1.25 (kipenyo milimita 12, mstari hadi mstari milimita 1.25), Honda nyingi M10x1.5, Mazda nyingi M10x1.25. Fungua ya zamani, jaribu nati ya saizi hiyo kwenye fimbo: ikizunguka kwa vidole mara tano bila kukwama, ndiyo yenyewe. Nobu za "saizi zote" zenye skrubu ndogo pembeni ziepuke kabisa. Skrubu zinakula hesi za fimbo, na nobu inalegea tena.

Jibu: Nobu nzito husaidia gia kuingia kwa ulaini, maana fimbo ikishaanza kwenda, uzito unaisukuma. Ila haitibu sinkronaiza (kifaa cha ndani ya giaboksi kinacholinganisha mwendo wa gia) iliyokwisha wala klachi isiyoachia. Chuma kitupu kikipigwa na jua huunguza kiganja.

Jibu: Rivasi msiisahau! Fimbo yenye pete ya kuinua inahitaji nafasi chini ya nobu. Pete isipopanda, rivasi haiingii. Weka nati ya kufungia chini ya nobu, ndipo namba za gia zilizoandikwa juu ya nobu zitakaa sawa.