Kazi za kuunganisha madeni: uliza kwanza kampuni inalipwa na nani

Swali

Wanajamvi, habari za jioni. Hapa Marekani naona matangazo mengi ya kazi za "kuunganisha madeni": za simu, unafanyia nyumbani, uzoefu si lazima. Nina kibali cha kazi na shahada ya uhasibu. Je, ni mlango wa kuingilia sekta ya fedha, au ni kupiga domo tu?

Jibu la 1

Dada, kabla ya kutazama mshahara, uliza kampuni inapata wapi pesa yake. Jina ni moja, biashara ni tatu.

Ya kwanza inakopesha: mkopo mmoja mpya unalipa kadi zote, na faida yake ni riba na ada. Ya pili ni mashirika ya ushauri yasiyotafuta faida, kama wanachama wa NFCC, umoja wa mashirika hayo ulioanzishwa 1951. Hayakopeshi. Yanawaomba wadai washushe riba, kisha mteja analeta malipo mamoja kila mwezi, kwa kawaida kwa miaka 3 hadi 5. Yanajiendesha kwa ada ndogo ya mteja na michango ya wadai wenyewe. Ya tatu inamwambia mteja aache kulipa, aweke akiba pembeni, halafu kampuni imbembeleze mdai apokee pungufu ya deni. Tangazo la "uzoefu si lazima" likikazania kamisheni, shuku hii ya tatu.

Kwenye hiyo, kanuni ya mwaka 2010 ya FTC, tume ya serikali inayolinda walaji, ndiyo inayoamua mfuko wako. Kampuni inayouza huduma hii kwa simu hairuhusiwi kutoza ada mpaka makubaliano yapatikane kwa angalau deni moja, mteja ayaridhie, na malipo ya kwanza yamfikie mdai. Maana yake miezi inapita kampuni haijaingiza hata senti, na kamisheni yako inaning'inia kwa mteja ambaye huku anapigiwa simu na wadai, pengine na kufunguliwa kesi. Akijitoa, kamisheni uliyokwisha kula inaweza kukatwa kwenye malipo yajayo. Kingine: deni likisamehewa dola 600 au zaidi, mdai kwa kawaida hutoa fomu 1099-C, ya kuijulisha mamlaka ya kodi, na kiasi hicho kinaweza kutozwa kodi. Mteja ambaye hakuambiwa hayo siku ya kusaini, lawama atakuletea wewe.

Kwenye usaili uliza: mshahara wa msingi upo? Kamisheni inarudishwa mteja akijitoa ndani ya muda gani? Naajiriwa, au mnaniweka kama mkandarasi wa kujitegemea? Mkandarasi anajilipia kodi ya kujiajiri ya 15.3%, mbali na kodi ya mapato, na bima ya afya anajitafutia. Wakitaka ulipie mafunzo yao, aga uondoke.

Jibu la 2

Naongezea upande wa wakopeshaji, maana shahada ya uhasibu huko ndiko inakolipa. Usiombe kazi ya mauzo; omba uchambuzi wa mikopo au kitengo cha kusimamia kanuni. Mchambuzi hupitia hati za mishahara, taarifa za benki na ripoti ya mikopo (rekodi ya jinsi mtu anavyokopa na kulipa), kisha anapima mzigo wa madeni: marejesho ya mwezi gawanya kwa pato la mwezi kabla ya kodi. Mwenye pato la dola 4,200 na marejesho ya 1,890 yuko 45%, na hapo wakopeshaji wengi wanaanza kusita.

Jizoeze na swali hili. Deni la 12,000 kwa riba ya 22%, miaka 3: takriban 458 kwa mwezi. Liunganishe kwa 14%, miaka 6: takriban 247. Mteja anafurahi, ila riba yote imepanda kutoka karibu 4,500 hadi 5,800. Ukiweza kumweleza hilo kwa lugha nyepesi, tena kabla hajasaini, unaifaa kazi hii.

Leseni: ukipokea au kujadili maombi ya mikopo inayowekewa nyumba kama dhamana, kwenye kampuni isiyo benki, sheria ya SAFE ya 2008 inataka saa 20 za masomo, mtihani wenye alama 75% kwenda juu, alama za vidole na ukaguzi wa ripoti yako mwenyewe ya mikopo. Kwa hiyo safisha ripoti yako kabla ya kulipia masomo.

Jibu la 3

Kwa walioko Uingereza mambo ni tofauti. Msimamizi ni FCA, mamlaka ya huduma za fedha, tangu Aprili 2014, na mwaka 2023 ilipiga marufuku kampuni za ushauri wa madeni zisizotoa suluhisho zenyewe kulipwa kwa kuwapeleka wateja kwa watoa suluhisho za madeni. Kazi ya aina hiyo ikitangazwa leo, kagua kampuni kwenye rejista ya FCA, tena hakikisha kibali chake kinataja ushauri wa madeni. Njia salama zaidi ni kujitolea Citizens Advice, shirika la hisani linaloshauri watu bure: wanafundisha, na uzoefu wake unatambulika.

Jibu la 4

Dada, kwa Marekani ningeanza na yale mashirika ya ushauri. Mshahara wake si wa kutamba, lakini washauri wanatakiwa kuwa na cheti, na mara nyingi mwajiri ndiye anayegharamia mtihani. Kwenye wasifu, neno "mchapakazi" halikusaidii. Andika hesabu ulizosuluhisha, programu za uhasibu unazozimudu, na kama umewahi kukusanya madeni ya wateja. Ukipata mwaliko, jiandae kwa igizo la simu: utapewa mteja anayelia au anayetukana, na anayekusaili anaangalia kama utauliza pato na matumizi yake kabla ya kupendekeza chochote.