Keneli inabuti kwa -O0, kwa -O2 inaganda. Hizi flagi mnazisimamiaje?

bit_ya_pwani

Wakuu habari zenu. Naandika kakeneli kadogo ka x86_64 ka kujifunzia tu, C na asembli kidogo, kompaila ni GCC 10.2, natesti kwenye QEMU (kompyuta ya kuigiza). Kwa -O0 (bila optimaizesheni) kila kitu kiko poa, inabuti, taima inapiga, kibodi inasoma. Nikiweka -O2 (kompaila inaboresha kodi) inabuti freshi mpaka ikifika kwenye subiri() hapo inaganda jumla, haitoi kosa wala nini, QEMU inakula koa nzima ya prosesa na feni ya laptop inaanza kulia. Kinachonichanganya zaidi, nikitia kprintf ndani ya lupu ili nione kama ticks inasogea, inapona! Nikiitoa inaganda tena.

```
uint64_t ticks;

void subiri(uint64_t n) {
    uint64_t mwisho = ticks + n;
    while (ticks < mwisho)
        ;
}
```

ticks inaongezwa na hendla ya intarapti ya taima, iko faili lingine.

Halafu kuna idt.c (inayopakia IDT, jedwali la hendla za intarapti), hiyo nimeiacha kwa -O0 peke yake kwenye Makefile maana nikiipandisha -O2 QEMU inajirisetii bila kukoma. Sasa swali, nyie mnazipangaje hizi flagi za optimaizesheni kwenye keneli, kila faili na yake? Au nibaki na -O0 yaishe? Na kuna jamaa kaniambia -O3 ndo inaipa keneli spidi, kuna ukweli hapo?

Fundi_Waya

Baki na -O0 mkuu, mradi wa kujifunza huo nani atakupimia spidi? Mimi gdb (ya kudibagi) ikianza kuniandikia "optimized out" kwenye kila variabo huwa nachukia kompyuta yote. Ukimaliza kuandika ndo upandishe.

Bi_Rejista

Fundi samahani, ila ushauri huo utamponza. -O0 hapo haiponyi kitu, inaficha tu, na akisubiri mpaka amalize atakuwa na makosa kumi ya namna hii yamelala sehemu tofauti.

bit_ya_pwani, piga objdump -d (inakuonyesha asembli) kwenye .o yenye subiri halafu tazama mwishomwisho wa fanksheni. Nabeti utakuta baiti mbili, eb fe. Hiyo ni jmp inayojirukia yenyewe milele. Kompaila imesoma ticks mara moja, ikailinganisha na mwisho, ikatazama ndani ya lupu ikaona hakuna anayeiandika, basi isome tena ya nini? Kwa sheria za C iko sahihi kabisa, haina habari kwamba kuna intarapti. Na kprintf inaponya kwa sababu iko faili lingine, kompaila haioni ndani yake kwa hiyo inalazimika kudhani huenda imeigusa ticks, inaisoma upya kila mzunguko. Ndo maana ukichungulia kosa linapotea.

Dawa iko kwenye kodi, flagi haihusiki. Ama uitangaze ticks kuwa volatile, yaani kompaila aisome upya kila mara (na kule kwenye extern pia, usisahau), ama ufanye kama Linux wanavyofanya, wao hawapendi volatile kwenye variabo yenyewe, wana READ_ONCE na WRITE_ONCE, yaani unaweka ukali pale pale unaposoma:

```
#define SOMA(x) (*(const volatile __typeof__(x) *)&(x))

while (SOMA(ticks) < mwisho)
    asm volatile("hlt" ::: "memory");
```

hlt inailaza prosesa mpaka intarapti ijayo, feni itatulia. Na hiyo "memory" usiiache, asm volatile bila hiyo haimwambii kompaila kwamba kumbukumbu imeguswa, bado angeruhusiwa kushikilia ticks ya zamani kwenye rejista kama usingeweka SOMA.

Sasa tubandikie mistari ya lidt (elekezo la kuipakia IDT) kwenye idt.c.

bit_ya_pwani

Dah dada unapiga ramli?? eb fe ipo, kama ulivyosema. Nimeweka SOMA na hlt, imepita, feni kimya.

idt.c hii hapa:

```
void idt_pakia(void) {
    struct idtr r;
    r.limit = sizeof(idt) - 1;
    r.base  = (uint64_t)idt;
    asm volatile("lidt (%0)" :: "r"(&r));
}
```

struct ni packed, nimehakiki. Kwa -O0 haina shida.

Bi_Rejista

Ndo hapo. "r"(&r) maana yake umemwambia kompaila asembli yako inahitaji anwani tu. Hujamwambia itasoma kilichopo kwenye hiyo anwani. Yeye anaona umejaza limit na base halafu hakuna aliyezisoma, fanksheni imeisha, basi kazi bure, anafuta yote mawili. lidt inapakia takataka zilizokuwa kwenye steki, intarapti ya kwanza ikiingia prosesa inatafuta hendla haipati, inatafuta ya kosa haipati, triple fault (kosa juu ya kosa juu ya kosa), risetii. Andika hivi:

```
asm volatile("lidt %0" :: "m"(r));
```

Halafu ile -O0 ya idt.c ifute kwenye Makefile. Isingekuwa dawa ya kudumu hata hivyo, siku ungeiweka idt_pakia kama inline kwenye heda faili lingine lingeanza kuumwa na ungetafuta mchawi.

kitasa_cha_ring0

Naongezea kwenye swali lenyewe la kusimamia flagi maana hapo watu wengi wanachanganya mafungu.

Kuna flagi ambazo si optimaizesheni kabisa, zinaeleza kodi yako inaishi mazingira gani. -ffreestanding (hakuna maktaba ya kawaida ya C), -mno-red-zone, -mgeneral-regs-only (rejista za kawaida tu). Hizi zinakaa kwenye kila faili la C la keneli, uwe -O0 uwe -O2. Mfano red zone, ABI (makubaliano ya kuita fanksheni) ya System V kwa x86_64 inaruhusu fanksheni isiyoita nyingine kutumia baiti 128 chini ya rsp (kielekezi cha steki) bila kuishusha. Kwa programu ya kawaida sawa. Kwenye keneli intarapti ikiingia ukiwa ring 0 (ngazi ya keneli) prosesa inasukuma rejista zake palepale kwenye steki hiyo, variabo zako zinafutwa kimyakimya. Na Fundi_Waya sikia hii, GCC inatumia red zone hata kwa -O0, kwa hiyo kubaki huko hakumwokoi mtu.

Fungu la pili ni zile za kuinyang'anya kompaila ruhusa fulani ambazo C inampa. Linux wanajenga na -fno-strict-aliasing, -fno-strict-overflow, na -fno-delete-null-pointer-checks. Hiyo ya mwisho ina historia. Mwaka 2009, keneli 2.6.30, drivers/net/tun.c kulikuwa na mstari unaosoma tun->sk, halafu chini yake ndo kuna if (!tun) return POLLERR. GCC ikajiambia, kama tun imeshasomwa hapo juu basi haiwezi kuwa NULL, hiyo if haina kazi, ikaifuta. Kwenye programu ya kawaida ungekufa kwa segfault na mambo yanaisha, ila ndani ya keneli mtu akifanikiwa kuweka ukurasa wake kwenye anwani 0 basi keneli inasoma data za adui na kuendelea kama hakuna kitu. Brad Spengler, mtafiti wa usalama, akatoa eksploiti yake hadharani, na flagi ikaingia kwenye Makefile ya Linux mwaka huohuo. Kosa la kusoma kabla ya kukagua lilikuwa la binadamu, ila pale flagi ilistahili kabisa, maana kwenye keneli anwani 0 ni anwani kama nyingine.

Kiwango chenyewe cha -O ndo fungu jepesi kuliko yote. Weka -O2 kote. -O3 sahau, 2022 lilikuja pendekezo la kuifungulia Linux -O3, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalikataa, lupu zinafunguliwa kodi inavimba na kashe ya maelekezo ni ndogo, ukitaka uipime mwenyewe ulete namba. Linux ina chaguo la -Os pia kwa wanaobana ukubwa. Na -O0 Linux haikompailiki kawaida, kuna sehemu zinategemea matawi yaliyokufa yafutwe, na asembli za ndani zinazotaka namba ijulikane wakati wa kukompaili.

Fundi_Waya

Sawa wakuu nimewaelewa, lakini kudibagi je? Sitarudi kusoma rejista kwa macho kila siku.

kitasa_cha_ring0

Kwa faili moja unalolifukua weka -Og (optimaizesheni isiyosumbua kudibagi) kwa muda, ukimaliza toa. GCC ikikuta -O zaidi ya moja inafuata ya mwisho, kwa hiyo kwenye Makefile ya kwako mwenyewe mstari mmoja unatosha:

```
mm/paging.o: CFLAGS += -Og
```

Kwenye Kbuild ya Linux (mfumo wake wa kujenga keneli) ni CFLAGS_paging.o, na CFLAGS_REMOVE_paging.o ya kutoa usichotaka. Ile __attribute__((optimize("O0"))) achana nayo, maelezo ya GCC yenyewe yanasema ni ya kudibagi tu.

Na flagi ya faili moja ikikaa moja kwa moja iandikiwe komenti juu yake kwa nini ipo. Sababu halali zipo. bit_ya_pwani nadhani memset umeiandika mwenyewe? Tangu GCC 10, -O2 inatambua lupu ya kujaza baiti na kuibadilisha iwe mwito wa memset, sasa ikiikuta lupu hiyo ndani ya memset yenyewe unajua kinachofuata. -ffreestanding haizuii hilo. Faili hilo lipe -fno-tree-loop-distribute-patterns.

bit_ya_pwani

idt.c iko -O2 sasa, inabuti, hairisetii. Nimeongeza na -mno-red-zone kote, sikuwa nayo.

kitasa nimefungua string.o, ni kweli memset inajiita yenyewe 😂 na haijawahi kulipuka kwa sababu bado hakuna sehemu naiita, nilikuwa naiandaa kwa ajili ya peji. Naweka flagi na komenti yake. memcpy yangu nayo ni lupu ya baiti baiti, nayo itataka hivyohivyo?

kitasa_cha_ring0

Hivyohivyo. Au ziandike zote mbili kwa rep stosb na rep movsb (maelekezo ya kujaza na kunakili baiti) kwenye asembli ya ndani, ila safari hii "memory" iwepo.