Kuhamisha seva ya faili kutoka Windows Server 2012 R2 kwenda Debian 12: ruhusa zinapotea

wayamrefu:
Wakuu, salaam. Seva ya faili iko kwenye Windows Server 2012 R2, ambayo masasisho yake ya kawaida yaliisha 10 Oktoba 2023. Data TB 2, watumiaji 60, wote wako kwenye domeni (mfumo wa Windows unaosimamia akaunti zote mahali pamoja). Seva ya domeni haiguswi. Zinazohamia Debian (aina ya Linux) ni faili tu, kwa Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawa faili kwa mashine za Windows. Folda ya majaribio nimeinakili kwa rsync (programu ya kunakili ya Linux): faili zimefika zote, lakini ruhusa hakuna, kila kitu ni cha root (msimamizi mkuu wa Linux). Nakosea wapi? Na diski niiweke mfumo wa faili wa ext4 au XFS?

mzee_wa_bash:
Hapo rsync haina kosa, mkuu. Ukiimaunti folda ya Windows upande wa Linux, rsync haizioni ACL (orodha za ruhusa) za NTFS, mfumo wa faili wa Windows, itanakili nini? Geuza upande: robocopy (programu ya kunakili ya Windows) iendeshwe kwenye Windows, isukume faili kuelekea Samba.

Anza na saa. Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa domeni) kwa kawaida haikubali tofauti inayozidi dakika 5, kwa hiyo chrony (programu ya kusawazisha saa) isome saa ya seva ya domeni. Sakinisha samba, samba-vfs-modules, winbind (kiungo cha Linux na domeni), libnss-winbind na krb5-user, kisha kwenye [global] ya /etc/samba/smb.conf:

```
security = ADS
realm = OFISI.LAN
workgroup = OFISI
idmap config * : backend = tdb
idmap config * : range = 3000-7999
idmap config OFISI : backend = rid
idmap config OFISI : range = 10000-999999
vfs objects = acl_xattr
map acl inherit = yes
username map = /etc/samba/user.map
```

Ndani ya user.map mstari mmoja tu: `!root = OFISI\Administrator`. Bila huo, robocopy inaweza kukataliwa inapobadilisha mmiliki wa faili. Ongeza neno winbind kwenye mistari ya passwd na group ya /etc/nsswitch.conf, jiunge kwa `net ads join -U Administrator`, washa upya winbind na smbd, hakikisha kwa `wbinfo -u`.

Ile range ya OFISI ukishanakili usiiguse tena. UID (namba za watumiaji upande wa Linux) zinakokotolewa kutoka humo. Ukiibadilisha, faili zote zinabaki yatima.

Ukiwa umeingia kwenye Windows kama Administrator huyo huyo (seva2 ni Debian mpya):

```
robocopy D:\Data \\seva2\data /MIR /B /COPY:DATSO /DCOPY:T /R:1 /W:1 /MT:16 /LOG:C:\nakili.txt
```

/R na /W usiziache. Bila kuziandika, robocopy hujaribu tena mara 1,000,000, kila mara ikingoja sekunde 30, yaani faili moja iliyofunguliwa na mtu inatosha kukukwamisha. Mzunguko wa mwisho ongeza /SECFIX, maana faili ambayo haijabadilika hurukwa hata kama ruhusa zake zimebadilika.

inode0:
XFS. Kwenye ext4, sifa za ziada za faili hukaa ndani ya inode (rekodi ya faili kwenye diski) na bloku moja, kwa kawaida KB 4, na ACL inahifadhiwa humo. Folda yenye orodha ndefu ya vikundi itagoma. XFS inaruhusu hadi KB 64 kwa sifa moja.

Kingine: vikundi vya ndani ya seva, mfano SEVA1\Wahasibu. SID zake (namba za utambulisho za Windows) hazijulikani nje ya mashine hiyo, kwa hiyo ukifika Debian utaona S-1-5-21-… bila jina. Endesha `icacls D:\Data /save acl.txt /T /C`, tafuta SID zisizoanza na ya domeni, weka vikundi vya domeni badala yake KABLA ya kunakili.

wayamrefu:
Nimeelewa, asanteni. Jina la seva je? Njia za mkato za watu zote zinasoma \\seva1. Na kuna mashine za kuskani zinazotupa faili humo.

mzee_wa_bash:
Jina: zima ya zamani, futa akaunti yake kwenye domeni, ipe Debian jina seva1 na ujiunge upya. UID hazitabadilika kwa kuwa backend tuliyoweka ni rid. Ukitumia CNAME (jina la pili kwenye DNS) bila kusajili SPN (jina la huduma ambalo Kerberos hulitafuta), Kerberos itagoma.

Mashine za kuskani, tazama kama zinajua SMB2 (toleo la itifaki ya kugawa faili). Tangu toleo 4.11 Samba imeizima kwa chaguo-msingi SMB1, toleo la zamani lisilo salama, na kuirudisha kwa ajili ya skana ni kuifungulia ofisi nzima. Zitumie FTP kwenye folda yao peke yake.