Hivi wale jamaa wanatuona mazuzu? Duka linafanya kazi, gemu haifanyi!

Wakuu, leo sina salamu. Nimezima konsoli sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Siwataji hao watengenezaji wa gemu, mnawajua. Wale wale wa "tumewasikia mashabiki wetu". Wale waliotumwagia trela mwaka mzima mpaka nikawajua maadui wa gemu yao kuliko ninavyowajua binamu zangu.

Nimenunua diski. Naiweka, kumbe ndani hamna gemu! Naambiwa nipakue gigabaiti 90. Usiku kucha napakua. Asubuhi inakuja sasisho, gigabaiti 60 nyingine. Napakua. Nafungua akaunti, nakubali masharti marefu kuliko mirathi ya sultani, nabonyeza "Anza".

Likafunguka DUKA.

Yaani sijamwona mhusika hata ukucha, naulizwa kama nitamnunulia koti la dhahabu! Nikalifunga, gemu ikaganda. Nikawasha upya, duka hilo, linang'aa, halikwami hata nukta moja. Nikabonyeza Anza, skrini nyeusi. Duka likarudi na punguzo la sikukuu!

Koti la dhahabu, wakuu. La mtu sijamwona!

Na asije mtu kuniambia gemu ni kazi ngumu. Studio ya Team Cherry ni watu wa kuhesabika kwenye vidole, walitoa gemu yao ya Silksong Septemba 2025 kwa dola 20, maduka ya mtandaoni yakaanguka kwa watu kuigombania, na gemu ikacheza. Hawa wana jeshi zima la wafanyakazi, kilichokamilika ni duka. DUKA!

PediMbovu: Mleta uzi, uliagiza mapema, kabla gemu haijatoka, au hukuagiza? Jibu hilo kwanza.

Mleta uzi: Niliagiza. Waliniahidi kofia ya bure ya mhusika. Kofia nimeikuta dukani, inauzwa!

PediMbovu: Basi umeyataka mwenyewe. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka mbovu tarehe 10 Desemba 2020, haikupita hata wiki mbili Sony wakaiondoa kwenye duka lao la PlayStation. Bado mtu ananunua gemu ya Desemba siku ya kwanza?

GigaGiza: Cyberpunk ilitengenezwa ikawa tamu. Usiichanganye na huu uchafu.

MzeeWaKaseti: Bora wewe una hata duka la kutazama. Sisi tunaoingoja gemu ya GTA VI tuliambiwa 2025, ikawa 26 Mei 2026, sasa 19 Novemba 2026. Ya tano ilitoka 2013! Mwanangu alikuwa anatambaa, leo ananinyang'anya pedi.

Kipepeo64: Wacha ichelewe, mzee. Unataka nawe ufunguliwe duka?

MzeeWaKaseti: Nataka gemu. Trela ya kwanza ni ya Desemba 2023, nimeichoka.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye koti. Nimejaribu tena sasa hivi. Duka.

NukuNuku: Achaneni na koti. Silksong kunyimwa tuzo ya Gemu Bora ya Mwaka kwenye The Game Awards 2025 mmeichukulia poa?

GigaGiza: Kunyimwa na nani? Gemu ya Clair Obscur: Expedition 33 ilibeba tuzo tisa usiku mmoja. Walioitengeneza, Sandfall, ni studio changa ya Ufaransa, gemu yao ya kwanza kabisa. Mpe mtu haki yake.

NukuNuku: Mapigano ya kupokezana zamu kama ya Expedition 33 si mapigano. Ni foleni.

Kipepeo64: Foleni gani wakati adui akirusha panga usipobonyeza kwa wakati unakufa? Umeicheza kweli wewe?

Mleta uzi: Jamani, koti la dhahabu! Kabla ya gemu!

PediMbovu: Omba hela yako urudishiwe, tunaongea hapa.

NukuNuku: Expedition 33 nimeicheza kwa saa nne nikaiacha.

GigaGiza: Saa nne hata sehemu ya kwanza hujaimaliza. Nenda kamalize, ndiyo urudi kubishana.

MzeeWaKaseti: Silksong yenyewe ilitangazwa 2019. Nyie mnajua kungoja, njooni tulie pamoja.